Ugenini mjini: ukodi gari ujiendeshe, uchukue gari na dereva, au upande teksi na treni? Kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukishaisha na watu wakilipwa, huku kwetu maswali ya safari yanakuwa mengi. Huyu anaenda Dubai kufuata spea, yule anampeleka mama hospitali India, mwingine ana shughuli Nairobi au Sauzi, na karibu kila anayejua kushika usukani anauliza kitu kimoja, nikifika kule nikodi gari nijiendeshe au niachane nalo? Naandika kwa urefu kidogo maana ukimjibu mtu "inategemea" hujamsaidia, yeye anatakiwa apange hela na ratiba kabla hajaondoka.

Msimamo wangu nauweka mapema kabisa. Ndani ya jiji la watu usijiendeshe, tumia teksi za kwenye simu au treni kama ipo. Gari la kukodi lina siku yake, nayo ni siku unayotoka nje ya jiji. Na kama nchi unayoenda wanapita kulia mwa barabara basi chukua gari lenye dereva wake, hata kama wewe ni dereva wa miaka mingi, na tena hasa kama ni dereva wa miaka mingi, ntaeleza kwanini.

Kwanza tukubaliane kwamba watu wa kusini tunajua kuendesha. Mtu anayetoka Mtwara mpaka Dar kwa gari dogo, kilomita zaidi ya 500, Mnazi Mmoja, Nangurukuru, Somanga, Kibiti, huyo anajua kuovateki lori la simenti, anajua kukwepa shimo usiku, anajua bodaboda inayoibuka shambani bila taa. Hata barabara kukatika tumeshaona, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita mawasiliano ya Lindi na Dar yalikatika kabisa na watu wakalala njiani. Ila huo ni ujuzi wa barabara ndefu yenye leni moja ya kwenda na moja ya kurudi. Jiji kubwa linataka kitu kingine, leni tano sita upande mmoja na unatakiwa uwe umeshajipanga kwenye leni yako mapema sana kabla ya njia ya kutokea, ukiikosa hakuna kusimama wala kurudi nyuma, unaenda kugeuzia mbele huko kilomita kibao. Ukiwa Mtwara mjini ulikuwa unaenda Shangani ukajikuta Ligula unageuza tu hapo mbele, au unamuuliza mjomba wa bodaboda kijiweni, imeisha. Sisi tunaelekezana kwa mwembe, kwa msikiti, kwa duka la fulani. Kule unaelekezwa na sauti ya simu inayotaja jina la barabara ambalo hujawahi kulisikia, huku macho yanatafuta kibao na nyuma kuna mtu anakupigia honi. Unachoka kwa kusoma kuliko kwa kushika usukani, na ile safari uliyoenda kufanya biashara inakuwa safari ya kutafuta paking.

Dubai, maana ndo wengi mnaenda

Dubai wanapita kulia na usukani uko kushoto. Watu wakisikia hivo wanadhani shida ni kukaa upande mwingine wa gari, hapana, hiyo unaizoea ndani ya nusu saa. Indiketa na waipa zimebadilishana, kwaiyo mwanzoni kila ukitaka kukata kona unawasha waipa kwenye jua kali. Kipilefti wanazunguka kinyume na sisi na unawapisha wanaotokea kushoto. Kioo cha katikati kiko kulia kwako, na upana wa gari uliozoea kuukadiria kwa jicho sasa uko upande wa pili, ndo maana magari ya kukodi yanachubuka sana ubavu wa kulia kwenye kingo za paking.

Hatari yenyewe inakuja pale barabara ikiwa tupu. Ukiwa kwenye foleni unafuata wenzio tu huwezi kukosea. Sasa asubuhi mapema unatoka sheli, hakuna gari hata moja, mwili unakupeleka ulikozoea. Ndugu yangu mmoja wa Masasi, dereva wa malori toka ujana wake, mtu ambaye ningempa gari langu popote, alitoka sheli moja alfajiri akaingia moja kwa moja upande wa kushoto na hakuona ajabu yoyote mpaka taa za gari lingine zikamjia usoni. Alikwepa, Mungu mkubwa. Mazoea ya miaka mingi ndo yalimpeleka pale, na mtu aliyepata leseni mwaka jana pengine asingeenda maana bado anafikiria kila anachofanya.

Alafu kuna hela zinazokatwa bila wewe kuona. Geti za Salik, yani zile za kulipia barabara, hazina kizuizi wala mtu wa kumlipa, unapita chini yake kama unapita chini ya daraja na hela inahesabika kwenye gari, toka Januari 2025 ni dirham 6 saa za msongamano na 4 saa nyingine, usiku wa manane bure. Kampuni ya gari inakudai baadae na mara nyingi inaongeza chake juu. Kamera za mwendo zipo kila mahali, na hapa kuna kitu wageni wengi hawakijui, Dubai kamera inakuvumilia kilomita 20 juu ya kibao, ila Abu Dhabi waliondoa huo uvumilivu toka 2018, kibao kikisema 140 ni 140. Mtu anatoka Dubai na mwendo wake uleule anavuka kwenda Abu Dhabi, anarudi Mtwara, wiki mbili baadae anaona kadi imekatwa. Dipoziti yenyewe, ile hela ya dhamana unayoweka wakati unachukua gari, wanaishikilia wiki kadhaa baada ya kurudisha gari, wanasubiri faini zijitokeze.

Sasa weka hiyo pembeni ya treni. Metro ya Dubai ilianza tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2009, laini nyekundu inafika mpaka uwanja wa ndege jengo la 1 na la 3, ya kijani inakushusha Deira kabisa, kule kwenye maduka, vituo vya Baniyas Square na Al Ras, na hizo laini mbili zinakutana Union na BurJuman. Unanunua kadi ya Nol unaweka hela unagonga unapita, ila usile humo ndani wala kutafuna bigijii, wanatoza faini. Kuvuka kwenda upande wa pili wa Creek, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, kuna abra, vile viboti vya mbao, dirham 1 tu, mtu aliyezoea kuvuka kwenda Msangamkuu hawezi kuogopa. Kwa anayelala Deira na biashara zake ziko Deira, sioni kabisa gari la kukodi atalifanyia nini.

Kinachobadilisha hesabu ni Sharjah, mji wa jirani na Dubai. Wengi mnaofuata spea za mtumba mnaenda huko na metro haifiki. Foleni ya Dubai na Sharjah asubuhi na jioni inajulikana, watu wanaishi na hiyo foleni kila siku ya maisha yao. Hapo chukua gari na dereva kwa siku nzima, ikiwezekana dereva anayezunguka na wanunuzi wa spea, maana huyo anajua vichochoro vya maeneo ya viwanda, anajua gereji gani wana injini ya gari lako, na wewe macho yako yanabaki kwenye mzigo.

Nairobi ni habari nyingine

Nairobi ndo jiji ambalo nikikubishia usijiendeshe ntakuwa nakuonea kidogo. Wanapita kushoto kama sisi, leseni yetu inatambulika, na ukipotea unauliza kwa Kiswahili. Trafiki akikusimamisha mnaongea mkaelewana, hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Shida yake ni foleni na matatu. Kwenye mizunguko ya katikati ya mji kuna taa alafu kuna askari amesimama chini ya taa, na anayefuatwa ni askari, kwaiyo taa ya kijani isikudanganye ukaenda wakati mkono wake umekuzuia. Matatu inakuja kwenye leni yako bila kukuomba, ukijifanya mstaarabu sana hutoki hapo ulipo. Ile barabara ya juu, Nairobi Expressway, ilifunguliwa 2022, kilomita 27 toka Mlolongo mpaka Westlands, unalipia getini na inakuvusha foleni yote ya chini, ukitokea uwanja wa ndege ukiwa na haraka ilipe tu usijiulize. Lakini ikishakushusha bado una mji wa kupambana nao na paking ya kutafuta.

Kwaiyo Nairobi nagawa hivi. Siku za kazi mjini, Bolt au Uber, maana bei unaiona kabla hujapanda na akishakushusha gari sio tatizo lako tena. Siku ya kwenda Naivasha au Nakuru na familia, kodi gari mjiendeshe, barabara ni zilezile tulizozoea, malori na matuta yasiyo na alama. Na usipange kuvuka nalo mpaka kuja Tanzania bila kibali cha maandishi cha mwenye gari, hata kama Namanga inaonekana karibu kwenye ramani, bima yake inaweza kuishia pale getini.

Johannesburg

Hapa kuna mvutano wa kweli. Joburg ni jiji lililojengwa kwa ajili ya wenye magari, maeneo yako mbalimbali, bila gari unajiona umefungwa miguu. Wanapita kushoto, barabara nzuri, vibao vinasomeka. Ukiangalia hivo tu unasema kodi.

Sasa sikiliza. Kuna njia panda zenye kibao cha kusimama pande zote nne na hakuna taa, sheria yake ni aliyefika kwanza ndo anaondoka kwanza, wote mnasimama, mnahesabiana kwa macho, mnaondoka mmoja mmoja. Sisi hatuna hiyo kabisa, kwetu mwenye gari kubwa anapita. Ukisita wanakupigia honi, ukiwahi unagongwa na kosa ni lako. Na umeme ukikatika taa za barabarani zikazima, njia panda kubwa nayo inageuka kuwa ya namna hiyohiyo, leni nyingi, watu wanahesabiana. Alafu usalama. Ukisimama kwenye taa simu na pochi visionekane, kuna watu kazi yao ni kuvunja kioo na kuchomoa, sekunde tu. Mgeni anayetumia simu kama ramani ameiweka wapi? Pale mbele inapoonekana na kila mtu. Usiku ukipotea unaweza kujikuta mtaa ambao hata mwenyeji hasimami, na wewe huwezi kuutofautisha na mwingine.

Ndo maana kwa Joburg nasema teksi za simu kila siku, hata kama jumla yake itakaribia bei ya gari la kukodi. Ukitua OR Tambo na unaenda Sandton kuna treni ya Gautrain toka 2010, robo saa hivi umefika, alafu hapo ita teksi ya kukufikisha. Kujiendesha nakubali kama una mwenyeji anayekaa na wewe kiti cha mbele siku mbili tatu za mwanzo.

Msumbiji, hapo jirani

Wengi wenu mnavuka Mtambaswala, lile Daraja la Umoja la mto Ruvuma lililofunguliwa 2010, na kwa sababu ndugu wako pande zote mbili mtu anaona kama anaenda Newala tu. Wanapita kushoto, sawa. Ila makaratasi yao ni ya Kireno, askari wao wanakagua, na sheria inataka gari liwe na pembetatu mbili za tahadhari na koti la kuakisi mwanga, ukikosa unalipa. Bima ya kwetu peke yake haitoshi, ulizia pale mpakani bima inayotambulika Msumbiji.

Na Cabo Delgado, lile jimbo unaloingia ukishavuka, vurugu zilianza Oktoba 2017 na hazijawahi kutulia moja kwa moja. Kwaiyo kule sizungumzii tena bei wala starehe, usiende na gari la kujiendesha. Kama una ulazima wa kwenda, ulizia kwanza hali kwa maofisa wa mpakani na kwa watu waliotoka huko wiki hiyo, nenda na dereva wa kule anayejua barabara ipi iko wazi, tena mchana.

China na India napita haraka. China kibali cha kimataifa cha udereva hawakitambui, kwaiyo ukiwa Guangzhou bila leseni ya kwao huwezi kujiendesha, panda metro. India wanapita kushoto na bajaji zenu ndo zimetokea huko, lakini kama umempeleka mgonjwa Chennai wewe kazi yako ni mgonjwa. Kukodi gari na dereva wake kule ni jambo la kawaida kabisa, mgonjwa anashushwa mlangoni, gari linasubiri.

Hela, hapa ndo panapoumiza

Bei ya gari ya siku unayoiona mtandaoni sio bei utakayolipa. Ongeza bima, mafuta, paking, geti za kulipia, na dereva wa pili kama mtapokezana. Dipoziti ndo inawakwamisha wengi wa huku kwetu, kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, hizi kadi zetu za kawaida za benki baadhi wanazikataa na zile za kutengeneza kwenye simu mara nyingi hawazitaki kabisa. Mtu anafika kaunta na tiketi yake ya kulipia kabla, anaambiwa kadi hii hapana, na hela aliyolipa hairudi. Andika barua pepe uulize kabla, na jibu lao libebe. Kibali cha kimataifa cha udereva kitafute ukiwa bado nchini, AA Tanzania ndo wanatoa.

Kuhusu bima, usifikiri "bima ipo" ina maana ya bima kubwa kama tunavyoijua. Kuna kiwango ambacho unabeba wewe kwanza. Tuseme umegonga bampa na matengenezo ni milioni 3, na kiwango chako ni milioni 2, basi milioni 2 zinatoka kwenye dipoziti yako na bima inalipa iliyobaki. Tairi, vioo na chini ya gari mara nyingi havimo. Unaweza kulipia zaidi ili hicho kiwango kishuke, na kwa mgeni mimi naona ni hela ya kulipa bila kubishana.

Gari na dereva linaonekana ghali sababu bei yake unaambiwa yote kwa mkupuo, ila mkiwa watu wanne mkagawana, alafu ukatoa paking, faini na dipoziti, tofauti inabaki ndogo na siku nyingine haipo kabisa. Ugomvi wake unatokana na kutoelewana, kwaiyo kabla hujapanda andikianeni kwenye WhatsApp masaa mangapi, kilomita ngapi, mafuta ya nani, geti na paking za nani, chakula chake nani analipa, ikizidi saa inakuwaje. Na mwambie mapema kwa heshima kabisa, kaka, maduka tunayoenda tumeshayachagua, maana wapo wanaokupeleka wanapopata kamisheni.

Teksi za simu nazo zina yake. Bei inapanda mvua ikinyesha na jioni watu wakitoka kazini. Bila intaneti huna teksi, kwaiyo nunua laini ya pale uwanjani kabla hujatoka nje. Namba ya gari iangalie kabla hujafungua mlango, kila mara, hata kama dereva amekutajia jina lako. Na ukiwa na watoto wadogo watatu, mabegi na bibi, teksi ndogo haiwatoshi, hapo ndo gari na dereva linashinda kila kitu.

Ukiamua kukodi ujiendeshe

Sawa, siku ya kutoka nje ya mji imefika. Usilichukue gari usiku uliotua. Mtu wa Mtwara kaondoka nyumbani alfajiri, kapanda ndege mpaka Dar, kasubiri, kapanda nyingine, anatua kachoka, huyo sio wa kupewa funguo. Lala, kalichukue asubuhi, na kama kampuni ina ofisi pembeni ya mji lichukulie huko ili usianze na katikati. Chukua oto, hata kama unazipenda gia za mkono, akili yako ina kazi nyingine za kutosha. Aliyekaa kushoto kwako, au kulia kama ni Dubai, kazi yake ni ramani na kusoma vibao, sio kuchat, na ramani ipakueni kabla kwenye simu mbili.

Kabla hujaliondoa piga video nzima, bampa, rimu, kioo cha mbele, chini ya milango, ndani, kipimo cha mafuta na kilomita. Spea tairi na jeki viangalie kama vipo kweli. Uliza mafuta gani linatumia, akuonyeshe kwa kidole pale kwenye kifuniko, maana wakikuwekea dizeli kwenye gari la petroli bima haigusi. Kama ulipewa na tenki limejaa rudisha limejaa, jaza sheli ya karibu na ofisi na risiti tunza.

Kurudisha rudisha mchana ofisi ikiwa wazi. Kuacha funguo kwenye kisanduku usiku ni kuwapa nafasi ya kukuandikia mkwaruzo ambao hujaufanya, kuna jamaa wa Lindi alikatwa hela nzito kwa namna hiyo na hakuwa na picha hata moja ya kujitetea. Simama na mtu wao, mzunguke gari pamoja, asaini karatasi kwamba amelipokea bila tatizo, na wewe upige video tena palepale. Hizo video na karatasi usifute mpaka dipoziti yako irudi yote kwenye akaunti.